Umeweka prosesa na kompyuta imekataa? Pitia hizi dalili kabla hujairudisha dukani

Watu wengi hapa Mombasa twatumia zile desktop za ex-UK, Dell OptiPlex, HP Compaq, Lenovo ThinkCentre, zimeshuka bandarini na prosesa ya i3 ama Pentium ndani na RAM ya 4GB, alafu baada ya muda mtu aona imekuwa nzito, anunua i5 ama i7 ya mkono wa pili huko mitaa ya Moi Avenue ama Digo Road, aja nyumbani afungua kompyuta aitia, na hapo ndo maneno yaanza. Tangu Windows 10 ikatiwe apdeti tarehe 14 Oktoba 2025 maswali yamezidi sana, kila mtu ataka kupandisha mashini yake badala ya kununua nyingine, na ni haki yake kabisa, pesa haziokotwi.

Lakini kuna jambo nataka liingie vizuri kabla hatujafika kwa dalili. Prosesa kuingia kwa soketi, yaani pale inapokaa, si sawa na bodi, ile sahani kubwa inayobeba vyote, kuikubali. Yaeza kukaa vizuri kabisa, kifuniko kikafunga bila shida, na bado bodi isiijue. Vitu vinne lazima vipatane: soketi, chipseti ya bodi (chipu inayoongoza mawasiliano ya bodi), BIOS iliyo ndani ya hio bodi (programu ndogo inayoamsha kompyuta), na nguvu, yaani umeme wa kuilisha na feni ya kuipoza. Karibu malalamiko yote ninayoletewa yaangukia kwa kimoja ya hivi vinne, na mara nyingi si soketi, ni hivyo vitatu vyengine ambavyo muuzaji hakuuliza na mnunuzi hakujua.

Kwanza ujue una bodi gani

Hii fanya na prosesa ya zamani ikiwa bado ndani na kompyuta ikiwaka. Kwa Windows fungua cmd, kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, uandike wmic baseboard get manufacturer,product,version, itakwambia kampuni na modeli ya bodi. Ikikataa andika msinfo32 pale pa kutafuta, uangalie mstari wa BaseBoard Product na ule wa BIOS Version/Date. Kwa Linux ni sudo dmidecode -t baseboard. Programu ya CPU-Z nayo ni ya bure na yaonyesha mpaka chipseti kwa ukurasa wa Mainboard. Kama kompyuta haiwaki kabisa, fungua kifuniko umulike na tochi ya simu, jina la bodi huwa limepigwa chapa katikati karibu na nafasi za kadi ama karibu na RAM. Kwa bodi za Gigabyte tafuta pia pale pembeni paandikwa rev 1.0 ama rev 2.0, manake modeli ni hio hio lakini orodha ya prosesa yaeza kuwa tofauti kati ya rev moja na nyengine.

Ukishapata jina, nenda tovuti ya kampuni iliyotengeneza bodi, fungua ukurasa wa modeli yako utafute orodha ya prosesa inazokubali. Mbele ya kila prosesa pameandikwa kuanzia BIOS toleo gani. Hio safu ya BIOS ndo watu huiruka na ndo yenye jibu. Kwa Dell na HP za ofisini huenda usipate orodha ya namna hio, hapo itabidi utafute kitabu cha modeli yenyewe uone ilitoka kiwandani na prosesa za kizazi gani.

Sasa twende kwa dalili.

"Prosesa haikai, ama kifuniko hakifungi"

Simama hapo hapo. Usisukume.

Sababu ya kwanza na ya kawaida ni soketi sio. Kwa Intel namba zafanana sana na zachanganya: 1156 ni ya kizazi cha kwanza cha Core i, 1155 ni cha pili na cha tatu, 1150 ni cha nne, 1151 ni cha sita na cha saba. Tofauti ya 1155 na 1156 ni pini moja kwa hesabu, lakini vile vikato viwili vya pembeni ya prosesa vimekaa mahali tofauti makusudi, ili isiingie. Kwa AMD, prosesa ya soketi ya FM2+ haiingii kwa bodi ya FM2 ingawa kinyume chake chawezekana.

Sababu ya pili umeigeuza. Kuna kipembetatu kidogo cha dhahabu kwa kona moja ya prosesa na alama ya namna hio kwa soketi, vikutane. Prosesa yatakiwa ishuke yenyewe kwa uzito wake, usiibonyeze na kidole hata kidogo. Kitakachohitaji nguvu ni ule mkono wa chuma tu, na kwa Intel huo mkono hulia kidogo ukishuka, ni kawaida, usishtuke.

Sababu ya tatu ni pini zimelala. Kwa Intel za soketi ya 775 kuja mbele pini ziko kwa bodi, kwa AMD mpaka soketi ya AM4 ziko kwa prosesa. Tutazifikia mbele.

"Feni zazunguka, taa yawaka, skrini nyeusi"

Hii ndo mama wa malalamiko yote, na ndo ambayo watu hukimbilia kusema prosesa imeuzwa ikiwa imekufa. Mara nyingi haijafa. Fuata hivi kwa mpangilio, kuanzia rahisi.

Angalia kwanza waya wa skrini umeuchomeka wapi, na je hio prosesa mpya ina grafiksi yake. Hili latokea sana na watu wazima wenye akili zao: mashini haina kadi ya grafiksi, prosesa ya zamani ilikuwa na grafiksi ndani, mpya haina, basi picha itatoka wapi? Prosesa za Intel zenye herufi F mwisho kama i3-9100F hazina, zile chache za zamani zenye P kama i5-3350P hazina, Xeon E3-1230 v2 haina ingawa dada yake E3-1245 v2 anayo. Ryzen za AM4 zisizo na G mwisho nazo pia hazina. Kama yako iko humu basi prosesa iko salama, tafuta kadi ya grafiksi hata ndogo, uchomeke waya wa skrini kwa hio kadi sio kwa bodi.

Pili, ule waya mdogo wa pini 4 ama 8 unaokwenda karibu na prosesa. Ukitoa hitisinki, kile chuma chenye feni kinachopoza prosesa, mkono hugusa huo waya na mara nyengine hutoka, alafu mtu akirudisha vitu ausahau. Bila huo feni zitazunguka vizuri tu na prosesa haina umeme.

Tatu, RAM. Toa zote, safisha ile sehemu ya dhahabu na kifutio cha penseli kile cheupe laini, upanguse vumbi, urudishe kijiti kimoja tu kwenye nafasi ya kwanza. Hapa kwetu pwani hewa ya chumvi yaingia kila mahali na migusano ya RAM hufanya utando ambao huuoni vizuri kwa jicho, na ukishaigusa tu mashini iliyokuwa ikienda yaanza kukataa. Prosesa yalaumiwa bure.

Nne, futa kumbukumbu za BIOS. Chomoa waya wa ukutani kabisa, toa ile betri ya mviringo ya CR2032, bonyeza batani ya kuwasha kama sekunde kumi na tano ili umeme uliobaki uishe, ngojea dakika kadhaa urudishe. Na kama hio betri ina miaka, badilisha tu. Dalili yake ni saa ya kompyuta kurudi nyuma kila ukizima stima.

Baada ya hapo ndo sasa swali kubwa: bodi yaijua hii prosesa? Na njia ya kujua ni moja tu ya uhakika, rudisha ile ya zamani. Ikiwaka na ya zamani, bodi yako iko hai na pawasaplai, lile boksi la umeme, iko hai, tatizo ni mapatano ama prosesa mpya yenyewe. Isipowaka na ya zamani pia, kuna kitu kimeguswa wakati wa kubadilisha, rudi kwa waya na RAM na pini. Kwa hivyo tafadhali usiuze prosesa ya zamani wala kumpa fundi ati akupunguzie bei kabla mpya haijafanya kazi kwa wiki nzima.

Tuseme ya zamani imewaka. Hebu nikupe mfano ninaouona mpaka nimechoka. Mtu ana OptiPlex 790 ama HP 6200 Pro, ndani mna i3-2120, soketi ni 1155. Anunua i5-3470. Ukiishika mkononi juu ya bamba la chuma imeandikwa INTEL CORE i5-3470, chini yake SR0T8 na 3.20GHZ, ni ya halali kabisa, soketi ni 1155 hio hio, yaingia kama imezaliwa humo. Yakataa. Kwa nini? Ile tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndo kizazi, 2 kwa i3-2120, 3 kwa i5-3470, na bodi ya OptiPlex 790 ina chipseti ya Q65. Chipseti za Q65, Q67 na B65 hazikupewa ruhusa ya kizazi cha tatu, na hakuna BIOS utakayotia ibadilishe hilo. Ya OptiPlex 990 na HP 8200 Elite ni Q67, hali ni hio hio. Kwa mashini hizi mwisho wako ni kizazi cha pili, i5-2400, i5-2500, i7-2600, na hakuna ubaya, i7-2600 ni prosesa nzuri mpaka leo kwa kazi za cyber na shule. Lakini ukiwa na OptiPlex 7010 ama HP 8300 Elite yenye Q77, ama HP 6300 Pro yenye Q75, vizazi vyote viwili vyakubali. Yaani mashini mbili zimewekwa kwa meza moja dukani, zafanana kila kitu, moja yakubali i7-3770 na nyengine haikubali mpaka kiama.

Bodi zenye chipseti ya H61 ziko katikati. Zilianza na kizazi cha pili, na nyingi ukizipa BIOS mpya zakubali cha tatu, lakini BIOS lazima itiwe ukiwa na prosesa ya kizazi cha pili ndani. Hivyo hivyo bodi za H81 na B85 za mwanzo: i5-4570 na i7-4770 zaingia moja kwa moja, i5-4590 na i7-4790 zataka BIOS ya baadaye. H110 zilizotoka na kizazi cha sita zataka BIOS mpya kwa cha saba.

Mtego mbaya kuliko yote ni 1151. Kizazi cha nane na cha tisa nacho chaitwa 1151, pini zahesabika sawa, lakini mpangilio wa umeme ndani si ule. i3-8100 kwa bodi ya H110 haitawaka, ni pesa imelala. Cha nane chataka bodi za chipseti za 300, kama H310 na B360. Akikwambia muuzaji "hio ni 1151 itaingia tu", mwambie nakubali itaingia, nataka iwake.

Kwa wale bado mko na 775, na wako wengi tu kwa madarasa na afisi ndogo, angalia chipseti ya 945. Nyingi zake haziwezi Core 2 za nanomita 45 kama E8400, yenyewe yataka FSB, yaani kasi ya njia kati ya prosesa na bodi, ya 1333. G31 na G41 kwa kawaida hazina shida nayo. Lakini nikwambie ukweli, kwa 775 usitumie pesa nyingi, manake Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 haiwaki kabisa kwa Core 2, yakosa amri iitwayo POPCNT ndani ya prosesa.

Ukiwa na HP za miaka hio, kama 8000 Elite, 8200, 8300, sikiliza na uangalie taa ya kuwashia. Ikimulika nyekundu na kulia mara mbili ni joto la prosesa, mara tatu haioni prosesa, mara nne ni umeme haufiki vizuri, mara tano ni RAM, mara sita ni grafiksi. Ile ya tatu haimaanishi prosesa imekufa, yamaanisha bodi haijaiona, kwa hivyo itoe uitazame na uirudishe.

Kama umepita yote haya na orodha ya kampuni yasema prosesa yako yakubaliwa na BIOS iko sawa, hapo sasa ndo waeza kushuku prosesa. Ijaribu kwa mashini nyengine unayojua yaikubali. Na angalia chapa: ikiwa imeandikwa INTEL CONFIDENTIAL na namba yaanza na Q badala ya S, hio ni ya majaribio ya kiwandani, haikutoka kuuzwa, na bodi nyingi huikataa. Irudishe.

"Yawaka sekunde chache, yazima, yawaka tena yenyewe"

Kinachosababisha sana ni hitisinki haikai. Zile za Intel zenye vipini vinne vya plastiki vya kubonyeza, kimoja kikiwa hakijashika, upande mmoja wainuka na prosesa yapata moto mara moja, bodi yajikinga yazima. Geuza bodi uangalie nyuma, vile vipini vyote vinne vitokeze sawa. Vibonyeze kwa msalaba, kona hii alafu ile inayotazamana nayo. Na usichukue hitisinki ya 775 ukaitia kwa 1155, matundu ya 775 yana nafasi ya milimita 72 na ya 1155, 1150 na 1151 ni 75, haishiki hata ukiilazimisha.

Kinachofuata ni umeme. Pentium G630 ni wati 65, i3-3220 ni wati 55, i7-2600 ni wati 95. Hio nyongeza pawasaplai iliyochoka haiezi, hasa ukiongeza na kadi ya grafiksi siku hio hio. Kuna na bodi nyembamba zile zilizotengenezewa prosesa za wati 35 ama 65 tu, hata soketi ikiwa sawa sehemu ya umeme ya bodi haimudu wati 95. Tafuta kwa kitabu cha modeli pameandikwa mwisho wati ngapi.

Angalia na zile kapasita za duara karibu na prosesa. Zikiwa zimefura juu, ama zimetoa maji ya kahawia, usiwashe tena, mpelekee fundi wa bodi.

"Imekubali, lakini ina kelele na yazidi kuwa nzito"

Hii kwa Mombasa ni lazima tuisemee peke yake. Msimu wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, chumba kisicho na AC chapita nyuzi 30 mchana, na kompyuta iko chini ya meza karibu na ukuta, hewa anayovuta ile feni ishakuwa moto kabla haijagusa prosesa. Upandishe kutoka wati 55 hadi 95 na hitisinki ni ile ile ndogo ya alumini, itafika nyuzi karibu 100 na prosesa itajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Mtu aona i7 yake ni nzito kuliko i3 aliyotoa, na hajakosea, ni kweli.

Pakua Core Temp ama HWMonitor uangalie. Ikiwa imekaa tu bila kazi na ni nyuzi 40 hadi 50 na chumba kina joto, sawa. Ikifanya kazi ikae chini ya 80, nimeridhika. Ikigonga 95 kwenda juu, zima.

Cha kwanza ni pesti, ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na hitisinki kupitisha joto. Ile ya zamani uliyokuta ishakauka kama chokaa, ifute yote kwa kitambaa na spiriti, pande zote mbili, utie mpya kiasi cha punje ya mchele katikati ukandamize na hitisinki yenyewe. Usiitumie iliyobaki ya zamani. Usijaze, ikimwagika kwa soketi ni kazi nyengine. Pili, vumbi: hapa vumbi lachanganyika na chumvi na unyevu lashikana kati ya mapezi ya hitisinki kama gundi, kupuliza hakutoshi, itoe uipige brashi. Shika feni na kidole wakati wapuliza, isizunguke ovyo. Tatu, tafuta hitisinki ya modeli kubwa ya mashini hio hio, ile iliyotoka na i7 huwa na kiini cha shaba ama mabomba, na kwa Dell na HP lazima iwe ya hio hio manake skrubu na plagi ya feni ni zao wenyewe.

"RAM nusu imepotea"

Ulikuwa na 8GB yaonyesha 4GB baada ya kubadilisha prosesa. Watu hukimbilia kununua RAM nyengine, usinunue. Mara nyingi hitisinki imekazwa upande mmoja zaidi na prosesa haigusi pini zote sawa, kwa sababu RAM yawasiliana na prosesa moja kwa moja kupitia zile pini. Legeza zote, ukaze kidogo kidogo kwa msalaba. Isipokubali, toa prosesa utazame pini.

Kutazama pini kuna namna. Weka tochi ya simu ubavuni, chini kabisa, usimulike kutoka juu, alafu usogeze kichwa polepole. Pini nzima zote zarudisha mwanga kwa mstari mmoja, iliyolala yaonekana kama nukta nyeusi ama yang'aa upande wake. Piga picha na kamera uivute iwe kubwa. Moja iliyopinda kidogo mtu mwenye mkono mtulivu aeza kuinyoosha na sindano nyembamba. Zikiwa nyingi, ama moja imevunjika, ama waona kijani kijani cha kutu, usiguse, hio ni kazi ya fundi mwenye darubini.

Na kwa wachache wenye bodi za kizazi cha sita zinazotumia RAM ya aina ya DDR3: prosesa hizo zataka DDR3L ya volti 1.35, usizipe ile ya zamani ya 1.5.

"Yawaka lakini yasema prosesa haijulikani, ama kasi iko chini"

Hio ni BIOS ya zamani, ama kumbukumbu zake bado ni za prosesa iliyotoka. Ingia BIOS, rudisha mipangilio ya mwanzo, hifadhi, uwashe tena. Ukiona bado, sasa ni kuapdeti.

Kuapdeti BIOS ndo sehemu inayoua bodi nyingi kuliko zote, na kinachoua ni stima kukatika katikati. Bila UPS, ile betri ya kushikilia stima ikikatika, usifanye, hata kama hapo mtaani kwenu stima haijapotea mwezi mzima. Azima UPS kwa jirani, ichaji kabisa, ama mpelekee mtu anayo. Tumia faili ya kutoka tovuti ya kampuni peke yake, ya modeli hio na rev hio hio, flashidiski iwe imefomatiwa FAT32, na prosesa ya zamani ndo iwe ndani. Kama bodi yako iko nyuma matoleo mengi, soma maelezo, kuna zile zataka upitie toleo la katikati kwanza. Kwa bodi za AM4 kuna jambo la ziada, BIOS mpya inayoongeza Ryzen 5000 kwa baadhi ya bodi yaondoa prosesa za zamani za A-series, kwa hivyo hakikisha mpya iko mkononi kabla hujabonyeza. Ikianza usiguse kitu, hata ikionekana imekwama ngoja nusu saa.

Ikikatika na bodi haiwaki tena, usitupe. Fundi mwenye kifaa cha kuandika chipu, wengi hutumia CH341A, aeza kuirudisha. Muulize kwanza kama ashahakikisha volti ya hio chipu, kuna za 3.3 na za 1.8, ya 1.8 ikipewa 3.3 yaungua.

"Prosesa yafanya kazi, Windows ndo yasumbua"

Kubadilisha prosesa peke yake kwa kawaida hakutoi leseni, bodi ndo yahesabika zaidi. Lakini kama diski imefungwa na BitLocker, andika ile namba ndefu ya kufungulia mahali nje ya kompyuta kabla hujatoa prosesa, hasa kwa AMD manake TPM yao, ile sehemu inayotunza funguo za usalama, mara nyingi iko ndani ya prosesa yenyewe. Na Windows 11 kwa kanuni yataka Intel kizazi cha nane kwenda juu, kwa hivyo mwenye bodi ya 1155 ama 1150 asinunue i7 kwa sababu ya hilo, haitamfikisha. Atumie hizo pesa kwa SSD na RAM, atie Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, kama kazi yake ni ya intaneti na kuandika, ataona tofauti siku hio hio.

Hapa usiguse, ita fundi

Harufu ya kuungua, moshi, ama chomeko lililogeuka rangi ya kahawia. Pawasaplai usiifungue hata kama umechomoa waya, ndani mna kapasita zinazoshika umeme mwingi na ukutani kwetu ni volti 240. Bodi iliyoingiwa na maji ya mvua ama ya paa isiwashwe "kujaribu tu". Na prosesa ikiwa imenata kwa hitisinki yatoka nayo, kwa AMD za pini, isivutwe kwa nguvu, izungushwe polepole ikiwa na joto kidogo.

Ukienda kwa fundi beba prosesa zote mbili, ya zamani na mpya, na picha ya jina la bodi na ya toleo la BIOS. Kwa muuzaji, kabla hujatuma M-Pesa mkubaliane wazi: prosesa yajaribiwa mbele yako kwa mashini inayoikubali, mpaka uione jina lake kwa BIOS, na ikiwa kwako imekataa kwa sababu ya chipseti waeza kuibadilisha kwa ya kizazi kinachokubali ndani ya siku mlizosema. Wauzaji wazuri wakubali hili bila shida, na wengine watakuuliza modeli ya bodi yako kabla hata hujataja prosesa.